Maziwa ya soya baada ya kuinua vyuma

Leo nimepeleka maziwa ya watoto kwa wanaume wenye nguvu kuliko wote wa mtaa wetu, hapa Beu.

Ni maziwa ya soya. Nilisoma kwamba yanasaidia misuli kupona baada ya kuinua vyuma, na mikono yangu inauma hadi kushika kalamu ni shida.

Basi nikasaga, nikachuja, nikachemsha, nikayapeleka kwenye ua tunapofanyia mazoezi.

Muhindo, jirani yangu, akanusa chupa.

«Professeur, iyi si ile banapatiaka batoto ba kwashi ku centre de santé? Uko na mutoto ku nyumba?»

Wote wakacheka.

Kweli, hapa kwetu soya hutolewa kwenye kituo cha afya kwa watoto wa kwashi, yaani wenye utapiamlo. Hilo sikulifikiria.

Nikafunga chupa, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kutorudi tena pale.

Ndipo Grand Kasereka, anayetufundisha, akaweka chuma chini. (Mikono yake ni minene kama mapaja yangu.)

«Leta hapa.»

Akanywa kikombe kizima, polepole.

«Mimi nilikuwaka kwashi. Mama alinibeba ku mugongo mupaka ku centre, banipatia soya. Donc, muangalie kwashi yenu.»

Akakunja mkono. Msuli ukasimama.

Muhindo ndiye alikuwa wa kwanza kunyoosha kikombe.

Mimi mwenyewe sikupata hata tone. Mikono bado inauma, na nimefurahi.

Sasa nisaidieni: ile harufu ya soya mbichi mnaiondoaje? Kesho wanataka bidoni nzima, yaani dumu zima.