Farasi wa Penseli Mpakani

Siku ya kwanza niliporipoti kazini kama ofisa mifugo, nilipewa koti jeupe lililonizidi na kupelekwa mnadani Mlowo kukagua midomo ya ng'ombe. Baadaye nilihamishiwa Itaka kwenye josho, yaani birika la dawa ambamo ng'ombe huogeshwa kuua kupe. Mwisho nikapangiwa kituo cha ukaguzi wa mifugo mpakani Tunduma. Bosi wangu huko alikuwa Mkaguzi Mfawidhi, mzee wa Kinyiha mwenye sauti ndogo, ambaye penseli ilikaa nyuma ya sikio lake hata akila.

Kwetu farasi ni mgeni. Ndiyo maana lilipoingia lori kutoka Zambia na farasi jike mwekundu, anayekwenda kwa mkulima mmoja wa kahawa Mbozi, madereva waliacha foleni kuja kutazama. Tatizo lilikuwa karatasi. Farasi yule alitakiwa kuwa na chati ya alama, mchoro unaoonyesha mabaka yake na mahali nywele zinapojizungusha, ili asibadilishwe njiani. Chati yake ilikuwa imelowa mvua, haisomeki. Bila chati angerudishwa, na alikuwa ameshasafiri siku mbili amesimama.

Nikatoa simu nimpige picha. Akawa anatupa kichwa, kila picha ikatoka ukungu mtupu.

"Weka simu, mama," Mkaguzi akaniambia. "Mwache asimame anavyotaka mwenyewe."

Akachukua karatasi, akaiegemeza kwenye boneti. Sidhani kama alitumia dakika tano. Mstari mmoja ulitoka sikioni, ukapita shingoni, ukafuata mgongo hadi mkiani bila penseli kuinuka. Doa jeupe la usoni aliliacha karatasi tupu, akalizungushia kivuli chepesi. Mkia ulikuwa mikwaruzo minne tu, nawe ungedhani unapunga nzi. Nilikuwa na mnyama yule tangu asubuhi, lakini ni kama nilimwona pale kwa mara ya kwanza.

Akanituma upande wa pili, kwa ofisa wa Zambia aliyekuwa na nakala ya chati isiyoruhusiwa kutoka ofisini kwake, ili authibitishe mchoro. Ofisa akaziweka karatasi mbili pamoja, akafuata alama moja moja kwa kidole. Zote zililingana. Hata hivyo hakugonga muhuri.

"Mukwai, farasi huyu anaumwa mguu?" akaniuliza kwa heshima ya Kibemba.

"Hapana. Hakuna aliyesema hivyo."

"Tazama hapa mchoroni. Mguu wa mbele wa kushoto ameutanguliza, hauegemei. Farasi mzima hupumzisha wa nyuma, si wa mbele."

Nikarudi mbio. Tulipouinua mguu ule, tukakuta jiwe lenye ncha limezama kwatoni. Tukalitoa, tukasafisha kidonda, tukampa maji. Alasiri akauegemea tena. Muhuri ukagongwa, lori likashika njia ya Mbozi.

Jioni tukifunga ofisi nikamuuliza Mkaguzi, "Mzee, uliujuaje ule mguu?"

"Sikuujua," akasema. "Nilichora alivyosimama."

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Mbebe, na jibu lile bado nalifikiria. Miaka yote ya kazi niliandika ripoti, na ndani yake niliweka nilichokijua. Mzee yule, kwa penseli na dakika tano, aliweka hata asichokijua, kwa kuwa kilikuwa mbele ya macho yake.