Mbwa wa Mahame

Mama yangu aliweka ndoo ya maji na bakuli la udongo nje ya mlango wa uani, na kila niliporudi kutoka kazini nilinawa hapo kabla sijakanyaga ndani. Mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu ilivyoagiza. Hakunigombeza. Alisimama akinitazama, kanga kaivuta mpaka kwenye kidevu, kisha akasema, "Babu yako aliuza nguo. Baba yako kauza nguo maisha yake yote. Wewe unashika mbwa."

Nilikuwa bibi maendeleo. Hivyo ndivyo walivyotuita vijijini sisi wanawake tuliotumwa na serikali kufundisha lishe, usafi na kazi za pamoja. Duka la baba pale Tabora mjini lilikuwa limekwisha kufungwa. Bidhaa zilipitia duka la ushirika, naye alishinda barazani na tasbihi yake akisalimiana na watu waliokuwa wateja wake zamani. Mshahara wangu ndio ulionunua sukari, pale ilipopatikana. Kwa hiyo mama alinung'unika, lakini udongo wenyewe alinichotea yeye.

Kijiji nilichopangiwa kilikuwa upande wa magharibi wa Tabora, juu ya ile njia waliyopita wapagazi wakienda Ujiji. Watu wake walikuwa Wanyamwezi, wakulima na warina asali, ambao tangu enzi za mababu walikaa mbalimbali ndani ya miombo, kila ukoo na mashamba yake. Ulipofika mwaka wa sogeza, serikali ilipowahamishia watu vijiji vya ujamaa, wakaletwa kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari kama vitanda vya hospitali. Wako waliokuja kwa hiari yao. Wengine walipandishwa lori baada ya paa lao kushushwa. Nyuma yakabaki mahame: kuta zisizo na paa, vihenge vitupu, na mihogo iliyoendelea kukua bila mwenyewe.

Mbwa waliletwa pamoja na watu, wamefungwa kamba. Walipofunguliwa, wengi walirudi walikotoka. Walilala kwenye vizingiti vya nyumba zisizo na watu, wakala panya na sungura, wakazaana. Baada ya misimu michache walikuwa kundi lisilo la mtu. Wakati mwingine walitoka wakaja mpaka kwenye zizi la mbuzi la kijiji, na tukaanza kusikia habari za mbwa mwenye kichaa, anayetembea upande upande, anang'ata hata mti. Mtoto mmoja wa kijiji cha jirani aliumwa akafa. Watu wakaogopa kwenda mahame kuchimba mihogo yao, na mihogo ndiyo iliyokuwa ikibeba nyumba nyingi kati ya mavuno na mavuno.

Nikaandika barua ya maombi. Bwana mifugo wa wilaya, kijana aliyetoka Igunga na mwenye kupenda kazi yake, ndiye aliyeniambia kwamba kuna chama cha hisani huko Ulaya kinachotoa misaada kwa miradi ya vijiji, mradi wenyewe uwafae mbwa na watu kwa pamoja. Nilidhani ananitania. Nilipompelekea katibu kata ile barua atie sahihi, aliisoma akaiweka mezani.

"Ndugu, zahanati haina dawa ya malaria," alisema. "Nasi tuombe dawa ya mbwa?"

"Ya malaria nimeomba mwaka jana na mwaka juzi," nilimjibu. "Hii ndiyo wanayosema wanatoa."

Akatia sahihi, akitikisa kichwa.

Wakatoa kweli. Kwanza alikuja mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, viatu vimejaa vumbi. Alikaa nasi siku nzima, akala ugali na karanga bila kuchagua, akawashika mbwa masikio. Aliuliza maswali mengi kuhusu mbwa na mengi kuhusu watu pia, nami nilimwona ana nia njema. Baada ya mvua kupita, treni ikatuletea friji inayotumia mafuta ya taa, sindano, na kasha la chanjo lililofungwa kwa barafu. Friji tuliiweka katika ofisi ya kijiji, na wazee walikuja kugusa mlango wake.

Siku ya chanjo ya kwanza siisahau. Watu walikuja na mbwa wao kwa kamba za magome, kwa vipande vya kanga, wengine wamewabeba kifuani kama watoto. Bwana mifugo alidunga, nami nilifunga kitambaa chekundu shingoni mwa kila aliyechanjwa, ili ajulikane. Miongoni mwao alikuwa mrina asali mmoja, mzee mwembamba mwenye makovu ya nyuki mikononi, na mkewe. Mbwa wao alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika.

"Shikamoo baba," nilimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Huyu mfunge vizuri, asije akakipoteza kitambaa. Huyu ndiye anayekwenda nami porini kwenye mizinga. Bila yeye nisingekuwa nimesimama hapa."

Mkewe akacheka. "Bila yeye na bila mimi," alisema. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, na tangu siku hiyo kila nilipopita alinipa kitu: michembe ya viazi vikavu, kikombe cha asali, mara moja kuku. Akiniita mwanangu, nami nikimwita mama.

Tuliwachanja mbwa wa mistari ya mbele tu, chanjo ikaisha. Awamu ya pili ndiyo ingemaliza kijiji, kisha ingekwenda mahame, ambako tulipanga kuwategea mbwa kwa vyakula na nyavu za kuwindia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Ya kwanza ilikuwa utangulizi.

Kasha la pili lilikuja wakati mafuta ya taa yamepotea nchini. Tulisoma kwa moto wa kuni, na wenye vibatari waliviweka juu ya kabati kama mapambo. Friji ilikuwa imezimika, ndani yake mwenyekiti wa kijiji akiwa ametunza mbegu za mahindi. Niliandika wilayani, nikaenda mwenyewe mkoani, nikasimama kwenye foleni za duka la ushirika na dumu mkononi. Nilipewa pole. Treni nayo ilikwama njiani, reli imeliwa na maji, na kasha likakaa ndani ya behewa juani. Lilipofika Tabora bwana mifugo alilifungua mbele yangu pale stesheni. Barafu ilikuwa maji, na maji yenyewe ya moto.

Alichukua kichupa kimoja akakishika kwenye mwanga, akakirudisha.

"Hakuna kitu hapa," alisema.

"Vyote?"

"Vyote. Tukiwadunga hii, tutawaambia watu mbwa wao wamekingwa nao hawajakingwa."

Tulichimba shimo nyuma ya ofisi yake, tukafukia.

Nikaandika tena kwa wale wafadhili, nikawaeleza yote kama yalivyotokea. Jibu lilichukua miezi. Walisikitika sana, walisema, lakini fungu la nchi yetu lilikuwa limefungwa na sasa walikuwa wanasaidia kwingine. Walinitakia heri. Nilimsomea katibu kata, na safari hii hakutikisa kichwa. Aliangalia dirishani.

Kiangazi hicho akiba ya chakula ilikwisha mapema. Mke wa mrina asali alikwenda kwenye hame lao kuchimba mihogo, peke yake, kwa kuwa mumewe alikuwa porini na mbwa wao. Habari za siku ile nilizipata kwake mwenyewe baadaye. Alimkuta mbwa amelala kivulini penye ukuta wa jirani yao wa zamani. Alimtambua, maana alimjua tangu akiwa kitoto na alikuwa akimtupia mabaki ya ugali. Akamwita kwa jina lake. Mbwa akaja, akamwuma mkononi, akaondoka zake. Jeraha lilikuwa dogo. Alilitia majivu, akalifunga kwa jani, akajitwika mihogo yake akarudi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" nilimwuliza.

"Nikuambie nini, mwanangu? Alikuwa mbwa wa jirani. Si mbwa mgeni."

Wakati huo alikuwa amelala kitandani kwake na mkono ule ulikuwa umepona kabisa. Kilichomleta kitandani ni homa, na kiu. Mumewe alimletea maji katika kata. Aliyatazama, akataka kuyanywa, nikaona jinsi alivyotaka. Lakini yalipokaribia mdomo koo lake lilijifunga, mwili mzima ukaruka, na kata ikaanguka. Mzee aliiokota, akajaza tena. Alifikiri ameishika vibaya.

Nilikuwa nimeyasoma yale kwenye kijitabu kilichokuja na chanjo. Nilitoka nje nikaegemea ukuta.

Tulimpeleka hospitali ya Kitete, mjini, kwa lori la pamba. Daktari alitupokea vizuri, akamsikiliza, kisha akatuita pembeni mimi na mzee akatueleza kwamba ugonjwa ule ukishajionyesha hauna dawa, hapa wala ng'ambo. Angempa kitu cha kumtuliza. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama anaweza kumpatia walau maji kidogo. Mama yule aliaga dunia kabla ya mzee kumaliza kuwapelekea habari nduguze.

Niliporudi nyumbani jioni ile mama yangu aliniona uso, akaniuliza nani. Nikamwambia ni yule wa michembe. Mama alikuwa amekula michembe ile. Alikaa chini kwenye jamvi, akasoma Fatiha kwa mwanamke asiyemjua na asiye wa dini yake, na chakula hakikupikwa.

Baada ya mazishi ikaja amri: mbwa wote wa kijiji wauawe. Haikubagua. Askari wawili walikuja na bunduki, katibu kata akiwa mbele yao, na watu wakaamriwa kutoa mbwa wao mlangoni. Nilimwendea katibu kata.

"Wenye vitambaa vyekundu wamechanjwa," nilisema. "Hao ndio wanaotukinga. Tukiwaua hao, wa mahame watakuja kuchukua nafasi yao."

"Najua," alisema. "Ulinieleza tangu mwanzo. Lakini amri haikutaja vitambaa, na kuna mtu amekufa. Nikibakiza hata mmoja nitajibu nini?"

Aliongea taratibu, na sikumchukia. Ningependa kumchukia.

Mrina asali alimtoa mbwa wake mwenyewe. Sikio lililochanika, kitambaa kimepauka lakini bado kipo. Aliponiona alisimama.

"Binti yangu, waambie huyu ana dawa."

"Nimewaambia, baba."

"Wamesemaje?"

Niliwatazama askari. Alinitazama kidogo, kisha akaipeleka ile kamba kwa askari, lakini mbwa alikataa kwenda na mtu asiyemjua, akawa anajivuta. Basi mzee akaichukua tena kamba, akamwongoza mwenyewe mpaka kwenye shimo, akachuchumaa, akamshika kichwa mpaka askari alipomwambia asogee. Mbwa alimwamini mpaka mwisho.

Wa mahame hawakuguswa. Bunduki zilipolia walikimbilia ndani zaidi ya pori, na askari hawakuwa na amri wala petroli ya kuwafuata.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule, na mahindi ya shamba la ujamaa yalisimama kuliko yalivyopata kusimama. Yalipoanza kubeba, nguruwe pori wakaja. Zamani wangesikia mbwa na kupita mbali. Sasa waliingia wakati wa magharibi, jua lingali na wekundu, wakavunja mistari mizima. Ngoma hazikuwaogofya, madebe waliyazoea. Nikiwa kwenye baiskeli narudi mjini, nilisikia mbwa wakibweka upande wa shamba, nikashuka, maana nilijua hakuna mbwa.

Walikuwa watu. Wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, mwenyekiti mwenyewe, wamejipanga kandokando ya shamba na wanabweka. Mrina asali alikuwa kwenye kona ya karibu na barabara, mikono imeshika magoti, sauti imemkauka. Aliponiona alinyamaza, akafuta mdomo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nguruwe walikuwa wakisikika humo ndani wakitafuna. Akageuka akaendelea kubweka, nami nikaisukuma baiskeli mpaka nilipofika mbali, kisha nikapanda.

Walivuna magunzi. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Nzega, na huko nikasikia kwamba mzee alikuwa amerudi kuishi kwenye hame lake, peke yake, na kwamba waliotumwa kumrejesha hawakumkuta.