Jiwe Kibogoyo la Bwana Makrei

Domitila aliingia Dodoma mwaka 1934, nzige walipokuwa wamekwisha kupita na watu wameanza kuvuna tena kidogo. Alitoka Mlali kwa miguu, siku nne. Mgongoni alikuwa na kaniki moja, mfuko wa mlenda mkavu, na kijiwe cheusi cha kugongea mawe ya kusagia ambacho bibi yake alimwachia.

Hakuna aliyemwita. Yeye na Ignas walikuwa wameoana miezi saba, na katika miezi hiyo walikuwa wamekaa pamoja siku kumi na moja. Aliona inatosha.

Ignas alikuwa boi wa nyumba kwa Bwana Makrei, Mzungu wa Kanada aliyekuwa akipima miamba na kutafuta mahali pa kuchimba visima. Ignas alifagia, alifua, alipiga pasi. Uani palikuwa na kibanda cha vyumba viwili, kimoja cha Faustini mpishi, kimoja chake. Amri ya Bwana ilikuwa moja: wake hawakai uani. Mke akija ni mgeni, siku tatu, kisha aende.

Faustini alimkuta Domitila ameketi mlangoni pa chumba, anapangusa miguu.

"Shemeji, umekuja kukaa au kuamkia?"

"Nimekuja kwa mume wangu."

"Mume wako mfagiaji. Mfagiaji hana nyumba. Ana ufagio."

Ignas alisikia. Neno hilo alilizoea. Faustini alikuwa na kofia nyeupe na funguo za stoo, na kila jambo likitokea alikuwa akisema, mwulizeni mfagiaji. Lakini siku ile lilimwuma, kwa kuwa mkewe alilisikia.

Bwana alikuwa safarini upande wa Chamwino. Angerudi Jumamosi. Ignas alisema atamwomba.

"Utasemaje?" Domitila akamwuliza.

"Nitasema tu."

"Sema sasa, nikusikie."

Ignas akaokota ufagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Domitila hakucheka.

"Ignas, akikataa nitarudi. Lakini nikirudi sitoki tena. Mama amekwisha kuniambia. Binti anayetembea njia mara mbili kumtafuta mume, huyo hana mume."

Tena palikuwa na jambo la jiwe. Kwao Domitila, mwanamke hajawa na nyumba mpaka jiwe lake la kusagia liwekwe humo. Mama ndiye analitoa. Mama anampelekea mtoto jiwe siku anapoamini kwamba mtoto amepata kwake. La Domitila lilikuwa bado Mlali, limeegemezwa ukutani, uso umegeuziwa ukuta.

Siku ya Ijumaa Ignas alikwenda sokoni. Domitila akachukua ufagio, akafagia baraza ili amsaidie. Hapo ndipo alipoliona.

Lilikuwa jiwe la mviringo, lenye tumbo kama mtungi uliokaliwa, la rangi ya majivu na madoa meusi. Juu lilikuwa na mkono wa shaba. Akalisukuma, likasogea kwa shida. Zito. Akaliinamisha atazame chini. Uso wake ulikuwa umelika ukawa laini kama jicho, umebonyea katikati, na ukingoni palibaki pete nyembamba inayong'aa.

"Hili nani kampa Bwana?" alimwuliza Faustini.

"Mama yake. Lilikuja kwa meli, kisha kwa reli, kwenye sanduku. Ana miezi miwili nalo. Jioni anakaa hapa analitazama, basi."

"Hasagii?"

"Atasaga nini Bwana? Ana unga wa mkebe."

Domitila alilitazama tena. Akaona kila kitu wazi. Mama wa huyu mtu, huko mbali, ameamini kwamba mwanawe amepata kwake, akamtumia jiwe. Lakini jiwe limetumika mpaka limekuwa kibogoyo, halina jino hata moja. Na mtoto hana mke wala dada wa kulitia meno. Ndiyo maana anakaa nalo jioni. Angefanya nini?

Alimwonea huruma.

Kule Mlali watu walikuwa wakimletea mawe yao ayatie meno, kutoka vijiji vitatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alilipindua jiwe la Bwana juu ya gunia, akaketi, akachukua kijiwe cheusi, akaanza kugonga. Ko, ko, ko, vishimo vidogo vilivyokaribiana, kuanzia katikati kuja nje, akaipita ile pete inayong'aa, akaimaliza. Lilikuwa jiwe gumu kuliko yote aliyopata kuyagonga. Lilimchukua mchana mzima. Faustini alimwona. Akatabasamu, akaingia jikoni.

Ignas aliporudi alikuta vumbi la jiwe barazani. Akatua kikapu.

"Umefanya nini?"

"Nimelitia meno. Sasa litasaga."

Ignas alipitisha kidole. Kila asubuhi alikuwa akilipangusa jiwe lile kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta, na Bwana alikuwa amemwambia asilikwaruze. Alikaa chini sakafuni.

"Basi sasa mtalala njiani wote wawili," Faustini alisema kwenye dirisha la jikoni.

Jumamosi saa tisa Bwana Makrei alifika, buti zimejaa vumbi. Aliketi barazani. Ignas akamletea maji ya kunawa. Bwana aliweka mkono juu ya jiwe kama alivyozoea, kisha akaona unga wa kijivu kwenye ufa wa sakafu. Akaliinamisha.

Hakupiga kelele. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, akazunguka nacho mpaka alipoanzia. Akarudia tena. Uso ulimbadilika ukawa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Nani?"

Ignas alikuwa ameyapanga maneno ya kumwombea mkewe, yote yakamtoka. Yakabaki mawili.

"Mimi, Bwana."

"Anaongopa, Bwana," sauti ilitoka uani. Domitila alikuja, akapiga goti kidogo, akasimama. "Huyo hata kisu hawezi kunoa. Ni mimi."

"Kwa nini?"

Domitila akamweleza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alisema polepole. Mama anapeleka jiwe mtoto akipata kwake. Jiwe lilikuwa limekwisha meno. Hapakuwa na mtu. Basi.

Bwana alilisimamisha jiwe taratibu. Kisha akaingia ndani, akatoka na picha. Wanaume wanne wenye kofia, wamesimama mahali peupe kama unga. Wawili wameshika mafagio.

"Hili si jiwe la kusagia," alisema. "Ni la mchezo. Kwetu maji yanakuwa magumu. Barafu. Mtu analisukuma jiwe, linateleza, liende lisimame ndani ya duara. Huyu ni ndugu yangu."

Kidole chake kilikuwa juu ya mmoja wa wale wenye ufagio.

"Barafu naijua," Domitila alisema. "Inaanguka na mvua, inavunja mtama. Na ufagio wa nini?"

"Mbele ya jiwe wanafagia. Wakifagia vizuri jiwe linakwenda mbali."

"Wanaume wazima?"

"Wanaume wazima. Miaka miwili iliyopita walikwenda Amerika, kwenye mashindano makubwa ya baridi, mataifa yamekusanyika. Ndugu yangu alikuwa mfagiaji."

Kwenye dirisha la jikoni kofia nyeupe ya Faustini iliacha kutikisika. Ignas aliitazama ile picha. Mtu yule alikuwa ameushika ufagio kwa mikono miwili, kifua mbele, kama askari.

"Wakashinda?" Domitila akauliza.

"Mchezo wao ulikuwa wa maonyesho tu. Haukuhesabiwa. Watu walitazama, wakapiga makofi, wakaenda zao."

"Kwa hiyo walitoka kwao kote huko waonekane tu."

"Ndiyo."

"Na yeye alikasirika?"

Bwana alifikiri. "Hapana. Aliandika barua. Alisema hajapata kufagia vizuri vile maishani. Baridi iliyofuata akafa. Kifua. Mama akanitumia jiwe lake. Huu ulaini ulioutoa, yeye ndiye aliyeufanya."

Hapo Domitila akaelewa. Akaketi palepale sakafuni, akaweka mkono kichwani. Hakusema pole. Aliona neno hilo dogo. Ignas alisimama nyuma yake. Alijua siku tatu zimekwisha, na njia ya Mlali mkewe anaijua.

Domitila akaligusa jiwe.

"Bwana. Hili jiwe lina nyuso mbili. Huu mkono hautoki?"

Bwana alimtazama. Akashika mkono wa shaba, akauzungusha kushoto. Ukalegea, ukatoka na skrubu yake. Huko juu, chini ya mkono, uso wa pili ulikuwa mzima. Wacheza mchezo huo wana upande wa barafu nzuri na upande wa barafu mbaya. Alikuwa akilijua hilo tangu utotoni. Majonzi yalikuwa yamemsahaulisha.

Akaligeuza jiwe, akaufunga mkono upande wenye meno.

"Barafu hakuna," alisema, kama mtu anayejisemea.

Domitila alikwisha kuinuka. Alikwenda uani, akaweka sufuria motoni, akatia mlenda wake wote na magadi ili uteleze. Faustini alitoka nje.

"Wewe, hicho ni chakula."

"Leo ni barafu, shemeji. Kama una njaa utalamba sakafu."

Baraza la Bwana lilikuwa refu, la saruji iliyosuguliwa. Ignas ndiye aliyelisugua mwaka mzima. Mlenda ulipopoa waliumimina kwa mstari, ukalala unang'aa, unavutika kama mate. Domitila akachora duara kwa majivu huko mwisho, akasimama kando yake.

"Ignas," Bwana alisema. "Chukua ufagio."

Bwana alivua buti. Akapiga goti, akalivuta jiwe nyuma, akaliachia. Lilinguruma kidogo, kisha likanyamaza. Likaja lenyewe, polepole, linazunguka. Ignas alikimbia mbele yake ameinama, anafagia mlenda huku na huku, miguu inamtoka. Hajui kanuni wala hesabu. Alifagia tu, kama anavyofagia asubuhi, ila upesi.

"Fagia!" Bwana alipaza sauti. "Fagia!"

Katikati ya baraza aliteleza, akaanguka kwa kiuno. Jiwe likampita kwenye kiwiko. Aliendelea kufagia amelala. Likaingia kwenye majivu ya duara, likapunguza, likasimama karibu na kidole cha mguu wa Domitila.

Kisha Faustini, kwenye mlango wa jikoni, akapiga makofi mara mbili. Alipoona wanamtazama akaacha.

Bwana Makrei alikuwa bado amepiga goti. Machozi yalikuwa yanamshuka naye hakuyafuta. Alipoweza kusema, alimwuliza Domitila:

"Jiwe lako wewe liko wapi?"

"Mlali, Bwana. Kwa mama."

"Jumanne lori linakwenda Mlali kupeleka mabomba ya kisima. Mwambie mama yako alipakie."

Akaokota buti zake, akaingia ndani.

Ignas alikuwa bado sakafuni, kanzu imeloa mlenda. "Alijibu nini?" alimwuliza mkewe. "Nilikuwa sijamwomba."

"Inuka, mfagiaji," Domitila alisema. Alikuwa anacheka. "Inuka uoshe hili baraza."

Jiwe la Domitila lilikuja Jumatano, limefungwa kwa majani ya mtama. Alikaa uani miaka mitano, mpaka Bwana alipokwenda vitani. Bwana alipoondoka alilichukua jiwe lake la mchezo, upande wenye meno ukiwa juu, chini ya mkono wa shaba, asiweze kulishika bila kuugusa. Baadaye Domitila na Ignas walijenga nyumba huko Msalato. Domitila akawa mtia meno wa mji. Shantaben, mke wa muuza nguo, hakutaka mtu mwingine aguse jiwe lake la viungo, na kila mwezi alikuwa akituma mtu kumwita. Domitila alizaa watoto watatu, mmoja akafa. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akicheka peke yake anapoona mlenda umemwagika.

Alikufa mwaka 1957, masika. Alikuwa amelitia meno jiwe lake wiki ile ile, na hakupata kulisagia tena.

Ignas alilifunika kwa gunia. Vile vishimo vilikuwa vya Domitila, vya mkono wake, na kila atakayesaga atavila kidogo kidogo mpaka viishe. Mkwe wake Ruthu alikuwa akipeleka mtama kwenye mashine ya kusaga, mwendo wa saa mbili, bila kuuliza.

Mwezi wa tisa mashine iliharibika. Ruthu alirudi na kapu lake kichwani, akalitua. Ignas alilitazama gunia. Aliwaza jiwe likikaa limefunikwa, mwenyewe angesema nini. Angesema kibogoyo ana nafuu kuliko mwenye meno asiyekula.

Akaenda akaliondoa gunia. Akapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kama zamani barazani.

"Saga, mama," alimwambia Ruthu.

Akatoka nje akachukua ufagio, akarudi, akafagia mahali unga utakapoangukia.