Geji za Dalmas

Dalmas alikuwa fundi wa geji za presha za boila huko viwandani, na hakuamini stoo ya mtu yeyote. Spea zake zote aliziweka nyumbani kwake, mtaa wa Laini Saba, kwenye rafu nyuma ya pazia la kitanda: mishale, vioo, hata geji nzima. "Mashine ikilala, sisi tunalala njaa," alimwambia mkewe, Seline. Na kila geji aliigonga kioo kwa ukucha mara mbili kabla ya kuisoma, kwa sababu mshale una tabia ya kukwama.

Alikufa mwaka wa tisini na sita. Mafundi wenzake waliendelea kuja kununua, na Seline akalisha watoto kwa spea hizo. Lakini kila alipobaki peke yake, alisikia kioo kikigongwa nyuma ya pazia, mara mbili. Akifunua, hakuna mtu.

Jumapili moja, baada ya kanisa, shemeji yake Billy, ndugu wa Dalmas, akaja. Wazee wa nyumbani walikuwa wamemtuma amrithi mjane huyo awe mkewe, kama ilivyo mila. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Akachukua geji rafuni, akaigonga kwa ukucha. Mara mbili.

Seline akatazama pazia, kisha hasira ikampanda.

"Rudisha hiyo, shem! Mimi si mashine niletewe spea. Toka!"

Billy akaenda. Seline akafunga mlango, akaketi na kikombe chake cha chai. Nyuma ya pazia, kioo kikagongwa mara moja, kikanyamaza, kama kinachosubiri.

Seline akainua kidole, akagonga kikombe kwa ukucha, mara ya pili.