Sayari Iliyogomea Tisini na Nne

Jamaa wa mitungi ya oksijeni alikuja kwangu saa nne asubuhi kutupa pole ya msiba. Aliyemfungulia mlango ni marehemu.

Tulieni, nitawaeleza vizuri. Hata mimi mwenyewe siku hiyo nilikaa chini kwenye ngazi kwanza.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Kazi yangu mchana kutwa ni kupoza. Napoza nyama za watu, dawa za watu, ofisi za mabosi wanaovaa koti huku nje jua linachoma. Jioni narudi, naoga, nakaa kwenye kochi, nawasha gemu, naenda kupasha sayari joto.

Ndiyo, sayari. Msinicheke.

Kwa wasiojua, kuna magemu ya kutupwa peke yako kwenye sayari iliyokufa. Vumbi jekundu, baridi ya kugandisha mate, hakuna hata mdudu. Unapewa kibanda cha bati na oksijeni ya kutembea hatua chache, basi.

Unachimba chuma. Unachimba barafu. Unaunda mtambo wa joto, mtambo wa hewa, mtambo wa maji. Juu ya skrini kuna asilimia ya uhai wa sayari, na unaanzia sifuri.

Siku moja mbingu inageuka bluu. Siku nyingine inanyesha mvua. Ile mvua ya kwanza, nawaapia, mtu mzima na ndevu zangu nilitokwa na machozi.

Kazini hakuna aliyewahi kunishukuru kwa friji kugandisha. Wananipigia ikiacha tu. Kule kila bolti niliyokaza niliona matunda yake, na hakuna mteja wa kunifokea.

Sasa, mama mkwe wangu akaugua nimonia. Akalazwa wiki tatu, akatoka na mtungi wa oksijeni na mrija puani. Daktari akasema atumie wiki sita, kisha tumrudishe apimwe.

Mama huyu anaishi peke yake, mbali, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mke wangu ndiye mtoto wake wa pekee. Anafundisha chekechea, akirudi jioni sauti imekauka, lakini siku hiyo sauti ilitoka.

"Mama anakuja kwetu."

Sikukataa. Nani anakataa? Ila usiku ule mama alipofika, tukiwa chumbani, nilimwambia mke wangu, "Wiki sita. Hata siku moja isizidi." Akaniahidi.

Kwetu ni vyumba viwili na sebule. Chumba cha pili nilikuwa nimekijaza makompresa na mifupa ya friji. Kwa hiyo mama mkwe akalala sebuleni, kwenye kochi langu, mbele ya TV yangu.

Wiki ya kwanza sikucheza. Utachezaje mbele ya mkwe? Nilikaa wima kama nasubiri kuitwa kwenye usaili, suruali ndefu, salamu kila nikipita kwenda kunywa maji.

Wiki ya pili uzalendo ukanishinda. Nikaomba ruhusa, nikawasha, sauti chini.

"Mkwe," akasema baada ya muda, "huyo mtu anakimbilia wapi?"

"Oksijeni inamwishia, mama."

Akaurekebisha mrija wake puani, akakaa vizuri. "Imebaki ngapi?"

"Asilimia kumi na mbili."

"Na wewe bado unachimba mawe? Rudi nyumbani, mjinga wewe!"

Kisha akashika mdomo. "Samahani, mkwe."

Nilicheka mpaka mwanaanga wangu akafa. Tangu hilo "mjinga" tukawa marafiki.

Ila hakupenda alivyokufa. Kwenye gemu ukikosa hewa unazimia, unaamka kitandani, umepoteza mzigo tu.

"Yaani hewa imekata kabisa, halafu kaamka mzima, kalala kwenye shuka safi?" aliuliza. "Waliotengeneza hii kitu hawajawahi kukosa pumzi hata siku moja."

Alikuwa na kasoro nyingine nyingi mfukoni. Mwanaanga anakula kila dakika tano kama ana mimba ya mapacha. Mti unapandwa, unageuka kusonya, umeshakuwa mkubwa. Safari za kwenda na kurudi kubeba chuma hazina mwisho, na mgongo haumuumi!

Alipoyaona masanduku yangu ndipo akachachamaa. Kabla ya kustaafu alitunza ghala la shule ya bweni miaka thelathini.

"Mbegu na betri sanduku moja? Nani kakufundisha kazi? Hebu lete hiyo rimoti."

Rimoti haikurudi. Ndani ya wiki moja kila sanduku lilikuwa na jina lake. Nikiwa kazini alikuwa ananiandikia ujumbe: "Mkwe barafu imepungua, leo usichezee chuma, chimba maji kwanza." Simu za kuagiza mitungi nazo akazichukua. Alisema amepokea mizigo maisha yake yote, tumwachie.

Siku moja akauliza, "Hapa hakuna hata jirani? Hata mwizi?"

"Ndiyo raha yake, mama. Hakuna wa kukusumbua."

Akarudi kupanga masanduku.

Wiki sita zikafika. Mrija bado uko puani. Mke wangu akawa anapita sebuleni kwa vidole kama mwenye kosa, na mimi nikawa nagunaguna. Kurudi kwa daktari kupimwa tukawa tunaahirisha tu, leo mke wangu ana mitihani ya watoto, kesho mimi nina friji ya bucha.

Mama mwenyewe ndiye aliyetuokoa. "Sayari ikifika mia, mimi narudi kwangu. Siwezi kuacha ghala halijakaa sawa."

Mke wangu akaangalia sakafu. Mimi nikaangalia skrini: sitini na moja. Kimoyomoyo nikashangilia. Wiki mbili tu, nikasema, kochi langu hilo.

Nikakazana. Sabini. Themanini. Tisini. Tisini na nne.

Ikagoma.

Naiacha jioni tisini na nne, kesho yake nikirudi kutoka kazini iko tisini na moja. Naipandisha, inashuka. Siku nyingine nimekuta theluji kwenye nyasi zangu, nyasi nilizozipanda kwa jasho!

Niliwaandikia watengenezaji malalamiko marefu, nikawapa nyota moja. Gemu bovu, sayari inarudi nyuma, tumieni akili. Mama alikaa pembeni yangu akinisaidia kutunga.

"Ongeza hapo kwamba inakera sana," alisema.

Nikaongeza.

Basi, asubuhi hiyo nilisahau pampu nyumbani, nikalazimika kurudi. Kwenye ngazi nikamkuta jamaa wa mitungi, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Fundi, poleni sana. Tumesikitika wote pale ofisini."

Kabla sijauliza pole ya nini, akawa ameshagonga mlango. Ukafunguliwa. Mama mkwe huyo, amesimama imara, rimoti ya gemu mkononi. Puani hakuna mrija.

"Poleni na msiba, mama," jamaa akasema. "Nimekuja kuchukua mitungi ya marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Yule mama wa nimonia, aliyekuwa amelala kwenye kochi na mrija puani."

"Ndiye mimi."

Jamaa akarudi nyuma ngazi mbili, akanikanyaga. "Lakini mwezi mzima hujaagiza mtungi! Simu hupokei! Mtu akiacha kuagiza ghafla hivyo, sisi kwa kawaida tunajua kwamba..." Ikamshinda kumalizia. "Basi, hongera, mama."

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Jamaa alipoondoka nikaingia ndani. Mtungi uko palepale nyuma ya kochi, geji inasoma umejaa, koki imefungwa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma geji, nilipita pembeni yake mwezi mzima bila kuitazama.

Kisha nikatazama TV. Mitambo yangu ya joto, nusu yake imezimwa. Theluji inaanguka juu ya miti. Na mwanaanga amesimama mbele ya mtambo mwingine, mkono kwenye swichi.

"Kaa, mkwe," akasema.

Nikakaa. "Tangu lini, mama?"

"Hewa au sayari?"

"Vyote viwili."

"Hewa, mwezi na siku kadhaa. Nilianza kufunga koki kidogo, kama huko kwenye gemu. Niende jikoni, nirudi, nifungue. Siku moja nikasahau kufungua mpaka mchana. Nikaona kumbe inatosha. Mrija nauvaa mkikaribia kurudi."

"Kwa nini usituambie?"

"Wiki sita. Hata siku moja isizidi." Aliyasema kwa sauti yangu, kabisa kabisa. "Kuta zenu nyembamba, mkwe."

Nimewahi kuona aibu maishani, ila hiyo ya siku ile ilinishika mpaka masikioni. Miezi mitatu mama wa watu amekula nami, amecheka nami, na maneno yale anayo.

"Sikulaumu," akasema. "Nyumba ni yenu. Mgonjwa anaweza kulala kwenye kochi la mkwe wake, hakuna wa kumshangaa. Mzima analala hapo kama nani?"

Nikaonyesha TV. "Na hii, imekukosea nini?"

"Nilikwishaifikisha mia, asubuhi moja mkiwa kazini. Nilitaka nione inaishaje."

"Ikawaje?"

"Zikapigwa tarumbeta, wakaandika hongera. Nikazunguka. Miti ipo, maziwa yapo, ghala limejaa, kila kitu mahali pake. Hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia karibu." Akaiweka rimoti juu ya goti. "Nyumba ya namna hiyo ninayo tayari, mkwe. Nikaanza kuzima."

Mchana uleule nilimpeleka kwa daktari, kabla ya jambo lingine lolote. Muuguzi akambana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni, kikasoma tisini na sita. Mapafu yamepona. Kisha daktari akatugombeza sisi wawili: kujifungia koki kwa kukisia ni kuchezea roho, na kukwepa siku ya kupimwa ni uzembe. Msimuige mama mkwe wangu hata kidogo.

Jioni mke wangu akarudi. Akamwona mama yake hana mrija, akasoma karatasi ya daktari, akamkumbatia. Halafu nikauona uso wake ukibadilika taratibu.

"Kwa hiyo..." alinigeukia. "Jumamosi? Nitafute gari? Nilikuahidi."

Mama naye akaanza kukunja shali yake, haraka haraka, bila kumwangalia mtu.

Ningeweza kusema tu, mama, kaa. Lakini nilijua angenijibu nini. Angeuliza anakaa kama nani.

Nikaichukua rimoti. Nikaenda mahali pa kuhifadhi. Nikachagua Futa. Skrini ikaniuliza kama nina uhakika, maana haitarudi tena. Pembeni waliandika muda niliocheza: saa mia mbili na kumi na mbili.

Nikabonyeza.

"Imeharibika," nikasema. "Ile hitilafu imeila yote. Itabidi tuanze sifuri, mama, na mimi ghala siliwezi peke yangu. Kaa. Nakuomba ukae."

Mke wangu alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama aliacha kukunja shali. Akanitazama, macho yamejaa machozi.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Umeifuta kweli?"

"Nimeifuta."

"Ulikuwa na haja gani? Si kuna kitufe hapo chini kimeandikwa Sayari Mpya? Nafasi za kuhifadhi ziko tano. Mimi mwenyewe ninazo sayari mbili humo tangu mwezi uliopita."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilikuwa sijui nicheke au nilie, nikafanya vyote.

Jumamosi hakuna gari lililotafutwa. Nilitoa makompresa yote kwenye kile chumba cha pili, nikapaka rangi, tukaingiza kitanda. Sayari yetu mpya sasa hivi iko asilimia tatu, na nimekatazwa kugusa masanduku.

Somo langu ni fupi. Mama wa mtu akiwa ndani ya nyumba yako, usimwekee tarehe. Na kama mdomo umekuwasha kabisa, huwezi kujizuia, basi shuka chini kwanza, uvuke barabara, ukasemee huko.