Vifaranga wa Chumba cha Mbele

Tulinunua siku moja, kwa muuzaji mmoja, pale Kariakoo: mimi vifaranga ishirini, yeye ishirini. Walikuwa chotara wa siku moja, wamebanana kwenye maboksi yenye matundu. Yeye alikuwa mpangaji mwenzangu, mwanamke wa Kilimanjaro aliyekaa chumba cha mbele katika nyumba yetu ya Magomeni. Mimi na familia yangu tulikaa cha nyuma, jirani na choo. Tulipika uani pamoja, tukaazimana chumvi na vitunguu, na hadi siku ile sikuwa na neno naye.

Wiki haijaisha, wangu walibaki kumi na wanne. Wake walikuwa ishirini kamili, wanarukiana.

Iliniuma. Mume wangu alikuwa ameshaniambia kwamba mradi huu nao ukifa kama ule wa ubuyu, nisimtajie tena habari za mradi. Kwa hiyo kila kifaranga aliyekufa nilimzika haraka kabla mume hajarudi kutoka kazini, na kila nikitoka kuzika nilipita mbele ya boma la vifaranga wake. Wake walilala wametawanyika, mguu mmoja umenyooshwa, kama watu waliokula pilau. Wangu walijirundika kwenye kona ya boksi, wa juu wanawakanyaga wa chini.

Tofauti ilikuwa chungu. Mimi nilitumia balbu. Yeye alikuwa na chungu kikuukuu alichokitoboa pembeni, ndani yake makaa yaliyofunikwa majivu, kimewekwa juu ya matofali mawili uani, chini ya bati. Kilitoa joto la taratibu kutwa nzima. Aliwapondea dagaa laini kama unga, akawawekea glukosi kwenye maji. Binti yangu alihamia huko na sahani yake ya wali, hataki kabisa kutazama wa kwetu.

"Jirani, wako wana baridi," aliniambia. "Balbu umeiweka juu sana. Nikutobolee chungu na wewe?"

"Wako salama tu," nikamjibu. "Ndivyo walivyo."

Hawakuwa salama, na nilijua. Lakini kupokea chungu kutoka kwake kulinishinda. Nilitamani nimkute mmoja wake, mmoja tu, amelala miguu juu.

Hawakufa. Basi asubuhi moja nikaenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Sina nia mbaya na mtu," nikaanza, "ila yale makaa ya kuku pale uani yananitisha. Maranda wanayolalia yakishika moto tutapona kweli?"

Sote tulipikia mkaa uani hapohapo, na hakuna aliyewahi kutishika. Lakini mama mwenye nyumba alikuwa mwoga wa moto, nami nilijua. Alikuja, akatazama, akapiga marufuku. Jirani yangu hakubisha. Akamwagia makaa maji, akaenda kununua balbu. Mchana huo nilikula nikashiba.

Siku ya tatu mvua ya masika ilianza alfajiri na umeme ukakatika mtaa mzima. Kufika saa nne asubuhi vifaranga wangu walikuwa wanalia kile kilio chembamba cha baridi. Niliwafunika kwa khanga, wakazidi kulia. Nikawaweka mapajani, wakatetemeka mapajani. Nilijua nimebakiza saa chache za kuwa mwanamke mwenye mradi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, amebeba chupa ya maji iliyoviringishwa kitenge, inatoa mvuke.

"Nimechemsha maji. Lete wako, tuwaweke pamoja, watapeana joto."

Tuliwaweka wote chumbani kwake, kwenye boksi moja, katikati ya chupa sita za maji ya moto. Chupa ikipoa, mmoja anakwenda jikoni uani kuijaza na mwingine anabaki. Mara moja tu alisema, bila kuniangalia, "Chungu kingefaa sana leo." Nikainama nikapanga khanga.

Umeme ulirudi alasiri. Wanne walikuwa wamekufa, wote wadogo, mabawa hayana hata unyoya mmoja. Walikuwa wangu. Wake walikuwa wameshaota manyoya, na kipofu angewatofautisha kwa kupapasa.

"Chagua wewe kwanza," akasema. "Kumi na wanne wako watimie, mimi nitachukua watakaobaki."

Nilidhani ananipima, nikamtazama. Alikuwa anaokota maranda yaliyomwagika sakafuni. Nikaingiza mkono ndani ya boksi. Nilikusudia kuanza na wangu kumi, wale wembamba, kisha niongeze wanne wowote. Mkono ukaenda kwa wanono. Nikatoa mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wakatimia kumi na wanne, na hakuna aliyekuwa wangu.

Aliwatazama walivyojaa kwenye beseni langu. Kisha akawavuta wale wembamba karibu na chupa iliyokuwa bado na joto, akaanza kuwanywesha maji ya glukosi mmoja mmoja kwa kijiko.

Jioni mume wangu alirudi, akainama juu ya boksi letu. "Safari hii umeweza," akasema kwa sauti, naye jirani yuko uani anafua vitenge vyake. Alisikia. Nikamshukuru mume wangu, nikaingia ndani kumpakulia chakula.