Chai ya Mwalimu

"Kufungua kamusi kabla ya kupanga herufi ni wizi," mwalimu mstaafu alimwambia karani wa mifugo, huku wakinyang'anyana kitabu hicho.

Kila Ijumaa baada ya swala wao hucheza mchezo wa kuunda maneno katika hoteli ninapouza chai, hapa Garsen. Herufi zimeandikwa kwenye vizibo vya soda.

"Na wewe, mwalimu, mbona ukikwama tu unaagiza chai?" karani akauliza.

Swali zuri. Nikiinama kumimina, mwalimu hunionyesha vizibo vyake chini ya meza, nami humnong'oneza neno. Kamusi imepigwa marufuku. Mimi sijapigwa, maana hakuna anayenihesabu.

Ijumaa hiyo niliomba nicheze nao.

"Binti, wewe uliishia darasa la saba," mwalimu akasema kwa upole. "Huu ni mchezo wa waliosoma."

Alipokwama aliagiza chai. Nikammiminia nikiwa nimesimama wima, macho yangu kwenye basi la Hola. Akaagiza ya pili, kisha ya tatu. Akashindwa.

Mlangoni alimgeukia karani. "Wiki ijayo tutumie kamusi, bwana. Chai ya hapa siku hizi haina nguvu."